Nyama Niliyomsogezea Shemeji

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Najuta kupanda mizani kwanza. Ningemwacha Abdulrauf atangulie, nisingeumia hivi.

Leo tulikwenda kliniki Upper Hill, mimi na yeye, kwa gari lake. Abdulrauf ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Fathiya. Anakaa ghorofa ya chini yetu hapa Parklands. Tumezeeka pamoja, tumenenepa pamoja. Mimi nina presha na mafuta kwenye damu. Yeye ana presha na jongo, lile gonjwa la kidole gumba cha mguu linalomfanya mtu mzima alie shuka ikimgusa.

Mtaalamu wa lishe ni msichana anaitwa Joyline. Akatupima. Nilivua viatu, mkanda, saa, nikaacha simu na funguo mezani kwake. Kilo tisini na nane. Abdulrauf akapanda na koti na viatu. Tisini na saba na nusu! Na koti!

Joyline akatueleza taratibu, kama watu wanaoweza kukimbia. Nyama nyekundu mara moja kwa wiki, kipande cha kutosha kiganja. Maziwa, siagi na samli, kidogo sana. Vitu vya kiwandani, soseji, biskuti, soda, tuviache kabisa. Turudi tarehe 24 atupime tena. Kisha akamgeukia Abdulrauf kwa ajili ya jongo lake. Maini asiguse. Nyama nyingi kwa mpigo mmoja asithubutu. Halafu akasema jambo kuhusu supu, na hapo alinyanyua kidole juu na kurudia mara mbili. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nimepinda shingo nasoma fomu ya Abdulrauf.

Abdulrauf hakuuliza maswali mengi. Alisema ana haja moja tu. Ijumaa ya tarehe 21 anamwoza Shahida, binti yake wa pekee. Anataka aende msikitini kwa miguu yake, akae mbele ya bwana harusi, amshike mkono na ayatamke maneno ya nikaha kwa mdomo wake mwenyewe. Jongo lilipomshika mwaka jana alitambaa siku nne. Kwa hiyo yuko tayari kula majani mpaka siku hiyo ifike. Joyline aliguswa. Akamwita mfano mwema.

Mfano mwema! Miaka ishirini na sita ya ndoa nalishwa huyu mfano mwema. Kaka Rauf hapandishi sauti. Kaka Rauf hasahau kuleta mkate. Nikaamua palepale kwenye kiti: tarehe 24 nitakuwa mwepesi kuliko yeye, liwalo na liwe.

Kila mmoja amepewa daftari la kijani la kuandika anachokula, Joyline alisome. Hili la bluu nimejitafutia mwenyewe. Hili ni la ukweli.

Jumatano, 5 Novemba

Chai ya rangi. Viazi vitamu vilivyochemshwa. Mchana mchicha. Usiku ndengu, na mchicha uliobaki mchana.

Fathiya amesafisha friji. Soseji, siagi, jibini, maziwa lala, vyote amempa Dedan, mlinzi wa getini. Nilisimama dirishani nikamwona Dedan akipokea kwa mikono miwili. Sikuficha hata soseji moja! Nimekuwa mzembe.

Kazini mimi ni karani katika duka la vitambaa, Biashara Street. Were ndiye anayesimamia stoo. Mtu wa Busia, mwembamba, hajawahi kuugua. Leo nilichungulia kopo lake la chakula: ugali wa wimbi, mboga ya saga, dagaa wa omena kidogo. Nikamuuliza ameanza lini kujinyima. Akashangaa. Akaniambia, "Kujinyima gani, mzee? Hii ni lunch."

Saa kumi nikatoka kunyoosha miguu. Pale kona kuna mkokoteni wa smoki, zile soseji fupi za moshi, wanazipasua katikati na kujaza kachumbari. Nilikula moja. Lakini nilikula nimesimama, na nimelifikiria sana jambo hili: mlo ni kukaa. Mtu aliyesimama hajala, amepita tu.

Nikapita mara ya pili.

Daftari la kijani: “Alasiri, kachumbari. Baadaye, kachumbari.” Hakuna uongo hapo. Hata hivyo najuta, ile ya pili ilikuwa ya baridi.

Jumamosi, 8 Novemba

Abdulrauf amelegeza mkanda. Nimemwona kwenye ngazi akishikilia suruali kwa mkono mmoja. Siku tano tu! Fathiya ametangaza habari hiyo wakati wa chamcha, kisha akanitazama tumbo, kisha akatazama pembeni.

Nimepata mbinu. Abdulrauf ana udhaifu mmoja, nao ni adabu. Tangu nimjue hajawahi kukataa kitu alichopewa kwa mkono. Ukimpa kaa la moto atashukuru kwanza.

Nikaenda dukani nikachukua katlesi za nyama kumi na mbili, zimekaangwa sasa hivi, karatasi imelowa mafuta. Nikampelekea mlangoni mwenyewe. Nikasema Waislamu hukumbukana. Akapokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu ya afya. Afya! Nilipanda ngazi nikiimba.

Njiani nilikuwa nimeonja mbili. Nilikuwa nimesimama.

Jumanne, 11 Novemba

Dedan amenisimamisha getini asubuhi. Akanishukuru kwa zile katlesi. Akasema, "Zilikuwa tamu sana, mzee. Hata watoto wanakusalimia." Kumbe Abdulrauf alipokea, akafunga mlango, akazipeleka zote getini! Adabu imetimia na nyama hajaigusa. Mjanja huyu. Na Dedan anazidi kunenepa kwa jasho langu.

Jioni nikakutana na Shahida kwenye ngazi, amebeba mfuko wa vitambaa vya harusi. Akacheka akanihadithia kuwa kila jioni baba yake anajifungia chumbani na kufanya mazoezi ya maneno ya nikaha mbele ya kioo. “Nimekuoza binti yangu Shahida.” Akikosea anaanza upya. Shahida anamsikia kupitia ukutani na anajifanya hasikii. Akasema juzi baba alilia katikati ya sentensi, akapiga chafya kuficha.

Kitu kikanigusa hapa kifuani. Nadhani ni ndengu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekwenda kujipima mjini baada ya sala. Kuna jamaa wanaoweka mizani pale kando ya barabara, unapanda mbele ya watu wote. Wa kwanza akaniambia tisini na tisa. Nikamwambia mizani yake ina kasoro. Nikavuka barabara. Wa pili, mia moja na moja. Nikatembea mpaka karibu na kituo cha reli nikampata wa tatu. Tisini na sita! Nikamshika mkono yule bwana. Ndiyo mizani pekee ya haki katika jiji hili.

Lakini Fathiya amepata kilo za Abdulrauf. Tisini na nne.

Tisini na nne! Na mimi nimekula mchicha mpaka nimeanza kuota mchicha. Ni lazima ale nyama, tena mahali ambapo hawezi kuibeba akampelekee Dedan.

Na Mungu si Athumani: Jumapili kuna hitima ya marehemu babu yake Mujahid. Mujahid ndiye bwana harusi. Sote tumealikwa. Wakwe watarajiwa, mikeka chini, masinia. Nimepanga kila kitu. Nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu tuanze.

Jumapili, 16 Novemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Kwao Mujahid ni Woodley, nyuma ya Adams Arcade. Baba yake ni mwalimu wa madrasa, mtu wa Lamu, mpole, macho yake yanaona kila kitu. Kisomo kikaisha adhuhuri. Masinia yakaletwa, watu watano kwa kila sinia. Nilihakikisha nimekaa kulia kwa Abdulrauf. Kushoto kwake akakaa baba yake Mujahid, halafu ndugu zake wawili.

Pilau. Katikati kichuguu cha nyama ya mbuzi na ya ng'ombe, mafuta yanang'aa.

Kila aliyelelewa nyumbani anaijua adabu ya sinia. Unakula mbele yako. Nyama ya katikati hujichukulii, unamsogezea mwenzako kwa heshima, naye akisogezewa hula. Kuiacha mbele ya wakwe ni sawa na kuwaambia chakula chao kina ila.

Nikachagua pande moja nono, na mfupa wake. Nikalisogeza mbele ya Abdulrauf. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka sinia la pili, kwamba baba wa bibi harusi lazima aheshimiwe. Hapo nimemaliza kazi mbili kwa mkono mmoja: nyama imenitoka mimi na imemwingia yeye.

Akaninong'oneza, "Shemeji, inatosha." Nikatabasamu. Nikasogeza pande la pili.

Jambo moja sikulipangia. Wengine walikuwa wanatazama. Baba yake Mujahid hawezi kushindwa heshima na karani wa duka la vitambaa ndani ya nyumba yake. Akasogeza paja. Ndugu yake akasogeza mbavu. Ndugu wa pili akaita jikoni maini yaletwe, maalumu kwa mgeni! Upande wa Abdulrauf wali haukuonekana tena. Mimi nilikuwa nimeacha zamani, naapa. Lakini hawakuacha. Kila mmoja aliona mwenzake amezidisha, akazidisha naye.

Alikula. Pande kwa pande, huku akiwaombea dua wenyeji na marehemu wao. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mara moja tu alinitazama. Haikuwa kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

Mimi nilikula wali na kachumbari. Mlo safi kuliko yote. Leo daftari la kijani lina ukweli mtupu, kwa mara ya kwanza, na sijui kwa nini sina raha nalo.

Jumatatu, 17 Novemba

Alfajiri nilisikia mtu analia chini yetu. Nikadhani ni paka.

Hakuwa paka. Kidole gumba cha Abdulrauf kimevimba, chekundu, kinawaka. Tulipomvisha soksi alishika kitasa cha mlango mpaka kikang'oka. Tukamshusha ngazi kwa mgongo, mimi na Dedan. Nikagundua Dedan ana nguvu sana siku hizi.

Hospitali ni huko huko Upper Hill. Presha nayo imepanda kwa maumivu. Daktari amesema abaki kitandani mpaka Jumamosi, hakuna mjadala. Shahida alimkumbusha daktari kuwa nikaha ni Ijumaa. Daktari akasema anajua, ameshaambiwa na mgonjwa mara sita.

Shahida hakulia. Alirudi kwenye benchi akaanza kuzikunja risiti za hospitali, vipande vidogo, vidogo zaidi.

Fathiya ameniuliza mbona mimi sikuugua chochote baada ya ile pilau. Nikasema nilikula kidogo. Akanitazama. Fathiya akiniita mume wangu, mambo ni shwari. Leo ameniita Mabruki.

Kosa ni langu. Nimeliandika. Silifuti.

Jumanne, 18 Novemba

Kazini sikuweza kuhesabu mita. Nikamweleza Were kila kitu, huko stoo, katikati ya marobota. Alitafuna taratibu akamaliza. Akasema, "Mzee, si umwambie tu? Mambo ya kusema pole inataka dakika moja." Rahisi kwake! Mtu asiyekula nyama kwa siri hajui uzito wa mambo.

Lakini nilikwenda. Ndani ya lifti nilijiandalia sentensi. “Shemeji, nyama ile nilikusogezea makusudi.” Maneno matano. Nikayarudia mpaka ghorofa ya nne, mama mmoja akahama pembe ya lifti.

Abdulrauf amelala, wamemwekea kibanda cha waya juu ya mguu ili shuka isimguse. Akanishika mkono kabla sijafungua mdomo. Akasema anataka kunishukuru.

Kunishukuru!

Akasema wiki mbili nzima alijua na mimi nina njaa kama yeye. Na siku ile, mbele ya wakwe, nikaitoa nyama yangu mwenyewe nikampa yeye. Nilipomsogezea pande la kwanza machozi yalimlenga. Baba yake Mujahid amempigia simu kumwambia hajaona ndugu wa ndoa wanaoheshimiana namna ile, na kwamba mwanawe ameingia katika nyumba njema. Abdulrauf akasema heshima ile ni kubwa kuliko kidole.

Kisha akaniomba. Akasema hawezi kuahirisha, wageni wa Mombasa wameshapanda treni. Anataka wakili wa kumwozea binti yake, mtu wa kusimama mahali pake. Akasema hakuna mwingine anayemfikiria.

Nikasema ndiyo. Sentensi yangu yote ikabaki kooni, maneno matano, hata moja halikutoka.

Were ameniuliza kwa simu kama nimemwambia. Nikajibu nimemwambia apone haraka.

Alhamisi, 20 Novemba

Sina hamu ya chakula. Fathiya amepika mbaazi za nazi, sikumaliza sahani. Nafanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo, kioo kile kile cha Abdulrauf, maana chetu kiko chooni. Nikifika “kwa niaba ya baba yake” ulimi unakwama.

Nilipitia kwa yule bwana wa mizani ya haki. Tisini na nne. Nimepungua kilo mbili kwa majuto peke yake. Nilifurahi kwa dakika nzima. Halafu nikajuta kufurahi. Sasa nakisia hilo litakuwa nusu kilo zaidi.

Ijumaa, 21 Novemba

Kwanza idhini. Wakili anamwendea bibi harusi kumuuliza kama ameridhia. Nilipelekwa chumbani. Wanawake pande zote, udi, hina haijakauka vizuri. Nikamuuliza Shahida kama ameridhia niende nikamwoze kwa Mujahid kwa niaba ya baba yake. Akaitazama hina yake. Nikauliza tena. Akanyanyua macho akauliza kama simu ya baba iko hewani.

Ilikuwa hewani. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa kanzu tangu asubuhi, Abdulrauf aliomba asikie. Nikaitoa. Sauti yake ikasema, "Nipo, mwanangu." Hapo Shahida akasema ameridhia, na hapo ndipo alipolia, na chumba kizima kikalia naye. Fathiya alinitazama juu ya kichwa cha Shahida. Hakuniita jina lolote.

Msikitini nikakaa mbele ya Mujahid, magoti yetu yakigusana. Kijana mzuri. Nikamshika mkono. Sheikh akanipa ishara. Nikafungua mdomo.

Hakukuwa na kitu. Mazoezi yote, kioo chote, hakuna! Niliona nyama tu. Niliona lile pande la kwanza na mfupa wake.

Halafu mfuko wangu ukasema. “Nimekuoza.” Polepole, sauti ya mtu aliyelala chali. Nikarudia, nimekuoza. “Binti yangu Shahida.” Nikasema Shahida binti Abdulrauf, kwa niaba ya baba yake. Mfuko ukaendelea mpaka kwenye mahari, hakusahau hata neno, na mimi nikamfuata neno kwa neno kama mtoto wa madrasa. Safu ya mbele yote ilisikia. Baba yake Mujahid alifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Kwa hiyo aliyasema mwenyewe. Mkono tu ndio ulikuwa wangu. Ulipaswa kuwa wake, na wangu ulikuwa na jasho.

Kwenye karamu nilikula sahani tatu za biriani kwa huzuni. Kisha faluda, glasi mbili, maziwa matupu. Nilikaa. Sikuona sababu ya kusimama.

Jumatatu, 24 Novemba

Kliniki. Abdulrauf ametembea kwa mkongojo, kiatu kimoja na ndara moja. Kilo tisini na moja! Mimi tisini na tisa. Nikamweleza Joyline kuhusu mizani ya karibu na kituo cha reli. Hakupendezwa.

Akasoma daftari langu la kijani. Akasifu mwandiko. Kisha akauliza kwa nini nimekula kachumbari mara thelathini na moja katika wiki tatu. Nikasema naipenda.

Akamuuliza Abdulrauf alikula nini kabla ya kushikwa. Nikatazama dari. Abdulrauf akasema alialikwa mahali, akala alichopewa, kosa ni lake. Joyline akamkanya vikali. Alisimama akiwa ameinamisha kichwa, mtu wa miaka hamsini na tisa, anakanywa kwa ajili yangu.

Nikaliendesha mimi gari kurudi, mguu wake haubonyezi breki. Tulikwama kwenye msongamano. Nikasema, shemeji. Akasema, naam. Nikakohoa. Naye akachukua nafasi hiyo kuniuliza neno: je, kuna mtu aliyerekodi uso wa Mujahid pale aliposema amekubali? Alisikia sauti, lakini alitaka kuona uso. Amewauliza wote, hakuna. Akafikiri labda mimi, niliyekuwa karibu zaidi.

Simu yangu ilikuwa mfukoni, ikimsikilizisha yeye. Hakuna aliyerekodi.

Akasema si neno. Akatazama nje ya dirisha mpaka Parklands.

Nimelia bafuni, maji yakiwa wazi. Nimekuwa mtu mbaya. Kesho nitatengeneza.

Jumanne, 25 Novemba

Nimepata njia!

Sikwenda kazini. Nimemwambia Were naumwa, akauliza ni ugonjwa au ni ule mwingine. Nikakata simu. Fathiya yuko Woodley kwa bibi harusi mpaka kesho, jikoni hakuna mtu wa kunipangia.

Nilifika soko la Burma mapema, mabucha yanafunguliwa. Nimechagua makongoro, miguu minne ya ng'ombe, mizuri, imechomwa manyoya vizuri. Mtu mwenye maumivu ya mguu dawa yake inajulikana tangu enzi za babu zetu: mguu. Supu nzito, ya kuchemka kwa muda wa saa saba, mpaka mifupa ilegee na midomo igandane ukiinywa. Nimetia tangawizi, ndimu, pilipili manga. Nyumba nzima inanukia. Nimeonja vikombe vitatu kuhakikisha chumvi. Nilikuwa nimesimama.

Halafu hapa, mwiko mkononi, nimekumbuka. Joyline naye alilisema jambo la supu! Siku ile ya kwanza, akizungumzia jongo la Abdulrauf. Sikuyasikia maneno yenyewe, lakini kidole kilikuwa juu na alirudia mara mbili. Kitu cha kusisitizwa namna ile kwa mgonjwa hakiwezi kuwa kitu kidogo. Najuta sikumletea mapema.

Nimejaza chupa kubwa ya chai, ile ya lita tatu. Namshukia sasa hivi. Nitampa kwa mikono miwili na nitakaa naye kitandani mpaka aimalize, safari hii haitafika getini kwa Dedan. Namjua Abdulrauf. Hatakataa.

Akimaliza bakuli la mwisho, nitamwambia ukweli wote.